Bi Subiri Avuka Bahari

Hospitalini walimpachika jina la Bi Subiri, likamganda mpaka watoto wake wa kuzaa wakalizoea. Miaka yote ya kazi alikaa katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, visikilizio masikioni, swichibodi mbele yake, na kila aliyepiga simu katika hospitali ile kubwa alikutana kwanza na sauti yake: "Subiri kidogo, mpenzi, nakuunganisha." Wote kwake walikuwa wapenzi, kuanzia madaktari bingwa hadi yule mlevi aliyekuwa akipiga kila Ijumaa jioni kuuliza kama mochwari kuna mtu anayefanana naye. Watu walimpenda bila kumwona. Mama mmoja aliyetoka wodi ya wazazi alikataa kuondoka na kichanga chake mpaka aonyeshwe "yule dada wa simu."

Kisha hospitali ikafunga mtambo unaojibu wenyewe, bonyeza hiki, bonyeza kile, na Bi Subiri akaagwa kwa keki na hotuba ndefu.

Nyumbani kimya kilimshinda. Mumewe alishatangulia miaka mingi nyuma, na watoto walikuwa na miji yao. Akaanza kuzungumza na sufuria. Mtangazaji wa redio akisema habari za asubuhi, yeye anaitikia nzuri. Siku moja kijana wa kampuni fulani alimpigia simu kumuuzia bima, na baada ya muda mrefu ni yule kijana aliyeomba, kwa unyonge kabisa, aruhusiwe kukata.

Kitinda mimba wake alikuwa ameolewa na fundi seremala wa boti, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akijenga boti yake mwenyewe ya matanga nyuma ya karakana, ubao kwa ubao, kila alipopata nafasi. Boti ilipokamilika, kazi nzuri ikamtokea kwenye karakana moja ng'ambo ya bahari. Mume na mke wakaamua kwenda na boti yao hiyo hiyo. Walikuja kumweleza mama siku ya mapumziko, wakiwa mezani.

"Tutakukumbuka sana, mama," binti akasema. Kisha akatania, "Au twende wote?"

Bi Subiri akaweka kijiko chini. "Nibebe sweta ngapi?"

Mkwe alipaliwa na chai mpaka ikabidi apigwe mgongoni.

Hakuwa na ubaya wowote na mama mkwe wake, la hasha. Tatizo lilikuwa heshima. Kwake yeye mama mkwe ni mtu ambaye akiingia unasimama, wa kuzungumza naye kwa sauti ya chini huku umefunga vifungo vyote vya shati. Sasa mtu huyo angekaa naye wiki kadhaa ndani ya chumba kisichozidi upana wa korido ya zahanati, vitanda vimetenganishwa na pazia, na choo kimoja chenye mlango wa ubao mwembamba unaopitisha kila sauti. Mkewe alimkuta amekaa kitandani anatazama ukuta.

"Unawaza nini?"

"Choo," akasema.

Waliondoka asubuhi yenye jua na upepo wa kutosha. Kwa saa chache Bi Subiri aliona kwamba ubaharia ni kazi nyepesi. Kisha nchi kavu ikatoweka, mawimbi yakawa makubwa, na tumbo lake likakataa. Siku hizo za mwanzo alilala ameikumbatia ndoo kama mtoto. Mkwe alikuwa akija na maji ya tangawizi, na hata boti ilipokuwa imelala ubavu, vyombo vinagongana kabatini, yeye anasimama nje ya pazia na kusema kwanza, "Hodi, mama."

"Pita, baba," Bi Subiri akiitikia kutoka ndani ya ndoo. "Pita, usijali, mwenyeji hajiwezi."

Alipopata nguvu alipanda juu kupunga hewa, akapewa kazi ya kumenya vitunguu. Kwenye boti ya matanga kuna ile boriti ndefu inayonyoosha tanga kwa chini. Upepo ukigeuka ghafla, boriti nayo huruka kutoka upande huu hadi ule, na kichwa kilicho njiani ni shauri yake. Mkwe, aliyekuwa ameshika usukani, aliona upepo unageuka. Mama mkwe amekaa palepale, kofia kichwani, anaimba.

"Samahani, mama," akaanza. "Kama hutajali, naona upepo kidogo unataka kubadilika, kwa hiyo ingekuwa vizuri ikiwa unge…"

Kitunguu kikamponyoka Bi Subiri, akainama kukifuata. Puu! Boriti ikapita juu yake na kuondoka na kofia. Wote watatu waliitazama ikielea nyuma yao, nyekundu, inapanda wimbi na kushuka wimbi.

Bi Subiri akageuka polepole. "Kijana, ulikuwa unaniombea ruhusa ya kufa?"

"Nisamehe, mama. Nilishindwa kukupigia kelele. Wewe ni mama mkwe wangu!"

"Nchi kavu, ndiyo. Huku mimi ni baharia wako, tena baharia mbovu. Kuanzia leo unipigie kelele mpaka mishipa ya shingo ikutoke. Haya, jaribu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla sijapoteza na kichwa."

Mkwe alimtazama mkewe kuomba msaada. Mkewe alikuwa amejificha uso kwenye taulo, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

"Inama, mama."

"Hiyo ni sauti ya kuomba chumvi. Tena!"

"INAMA!"

Bi Subiri alijitupa chini kama gunia, vitunguu vikatawanyika kila upande. Alipoinua uso alikuwa anacheka mpaka machozi. "Naam! Sasa tunaweza kuvuka."

Tangu siku hiyo maisha ndani ya boti yakashika njia yake. Bi Subiri alipewa zamu ya alfajiri, kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, wazee usingizi huwakimbia saa hizo hata wakilazwa juu ya pamba. Alikaa kwenye kona karibu na usukani, mkanda wa usalama umemfunga kwenye boti, kikombe cha chai kati ya magoti, na kazi yake ilikuwa kutazama kama kuna meli na kuwaamsha wengine akiona chochote asichokielewa. Mwanzo hakuelewa chochote, kwa hiyo waliamshwa mno. Aliwaamsha kwa ajili ya wingu. Aliwaamsha kwa ajili ya nyota iliyochelewa kuzama. Pomboo walipokuja mara ya kwanza, wanarukaruka mbele ya boti na kupumua kwa kishindo kama watu wazima waliopanda ngazi, aliwaamsha kwa kupiga sufuria, na safari hiyo hakuna aliyenung'unika.

Kukipambazuka alizunguka na bakuli kuokota samaki warukao, ambao usiku hupotea njia na kuangukia kwenye boti. Wakubwa aliwakaanga, wadogo aliwarudisha majini na maneno ya kuwaonya. Kisha mkate. Jiko lilikuwa limening'inizwa kwa namna ya kubembea, boti ikiinama huku lenyewe linabaki sawa. Mpishi ndiye hakuning'inizwa, hivyo Bi Subiri aliukanda unga mguu mmoja umekanyaga ukuta, makalio yameegemea kabati, akihama kila wimbi lilipopita. Kuoga ilikuwa ndoo ya maji ya bahari, nyuma ya shuka lililofungwa kwa kamba, kisha kikombe kimoja cha maji baridi ya kunywa cha kuondoa chumvi. Alijifunza kukigawa kikombe kile kuanzia kichwani hadi vidoleni bila kupoteza tone, akajisifia mpaka wakachoka.

Lakini kilichomrudishia ujana ni redio.

Msimu ule boti kadhaa zilikuwa zinavuka bahari ileile, mbalimbali kiasi cha kutoonana, na kila asubuhi baada ya chai ziliitana kwa redio ya upepo kuulizana hali. Mwendeshaji wa mazungumzo hayo alikuwa daktari wa meno aliyesafiri na mkewe, mtu mwema lakini anasoma majina ya boti kama hakimu anayesoma hukumu. Walikuwapo ndugu wawili waliogombana tangu utotoni na hawakuona sababu ya kuacha. Na alikuwapo mzee mmoja aliyesafiri peke yake, fundi saa mstaafu, ambaye kila siku alisema maneno yaleyale: "Mimi salama. Upepo mzuri. Asante." Kisha kimya.

Siku moja binti mikono yake ilikuwa na samaki. "Mama, hebu tuitikie."

Bi Subiri akashika kile kipaza sauti kidogo, akabonyeza kitufe, na koo lake likajirekebisha lenyewe. "Habari za asubuhi, wapenzi wangu. Huku kwetu salama. Nani kaamka vibaya?"

Mmoja wa wale ndugu akasema, "Mimi. Huyu kaniibia jamu." Mwenzake akadakia kujitetea, Bi Subiri akawasikiliza wote wawili, akaamua jamu iliyobaki ikae kwa aliyeibiwa na mwizi apewe kijiko kimoja siku ya Jumapili. Wiki haikuisha kabla daktari wa meno hajaomba, kwa unyenyekevu na kwa furaha ya wazi, Bi Subiri ndiye aendeshe mazungumzo ya kila siku.

Kulikuwa na hasara zake. Asubuhi moja mkwe alikuwa anapaka rangi dirisha, akasikia sauti ya mama mkwe ikitoka chini: "Sisi hatujambo, ila mkwe wangu jana kaanika chupi tatu na bahari imechukua mbili."

Kichwa cha mkwe kikachomoza mlangoni. "Mama! Redio hiyo inasikika bahari nzima!"

"Ndiyo maana nimesema kwa adabu. Sikutaja rangi."

Basi ikawa kila siku wale ndugu hawaagi kabla ya kuuliza, "Na ile iliyobaki, inaendeleaje?" Mkwe alikuwa akikimbilia mbele kabisa ya boti ili asisikie. Hadi siku moja alishuka mwenyewe, akaomba kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema kwa sauti nzito ya nahodha: "Ipo hai. Inawasalimu." Bi Subiri alimkumbatia shingoni, na mkwe, aliyekuwa hajawahi kuguswa na mama mkwe zaidi ya mkono wa salamu, alisimama wima kama mlingoti, anatabasamu.

Aliyemsumbua Bi Subiri akili ni Fundi Saa, yule mzee wa peke yake. Hakuweza kuvumilia mtu wa kusema maneno matano na kutoweka.

"Ngoja, mpenzi, usikate. Umekula nini?"

"Biskuti."

"Na jana?"

"Biskuti."

Bi Subiri akamfundisha kuoka mkate ndani ya sufuria, hatua kwa hatua, boti zote zikisikiliza. Kesho yake alipoita, Fundi Saa hakutaja upepo. Alisema, "Umeumuka."

"Nini kimeumuka?"

"Mkate. Umeumuka mpaka umeinua mfuniko." Na kwa mara ya kwanza wakamsikia anacheka, kicheko kama cha mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Ndugu wawili walipiga makofi hewani. Tangu hapo alitoa habari zake kipande kipande, kama mtu anayelipia kwa sarafu: alikuwa na duka dogo la saa karibu na posta, aliuza akanunua boti, watoto wake walidhani amerukwa na akili, na labda walikuwa sahihi.

Walipovuka nusu ya safari, mvua kubwa yenye upepo iliwapitia alasiri moja. Anga likawa jeusi upande mmoja, bahari ikageuka rangi ya risasi. "Mama, kamba ya kushoto! Vuta! Inama!" mkwe akapaza sauti, na mama akavuta, akainama, akavuta tena, maji yanamtiririka mgongoni, anacheka na kupiga vigelegele kila wimbi lilipowarusha. Ilipopita, walikuwa wamelowa kama vifaranga na tanga halikuchanika hata uzi.

Lakini asubuhi iliyofuata Fundi Saa hakuitika.

"Labda kalala," akasema daktari wa meno. Siku ya pili hakuitika tena, na hakuna aliyetoa utani. Bi Subiri aliuacha unga ukafura ukamwagika mezani. Alimuuliza mkwe kama wanaweza kugeuka wakamtafute. Mkwe akamwonyesha kwenye ramani: mzee alikuwa nyuma yao mbali, na kurudi kukabili upepo kungewachukua siku kadhaa. Wale ndugu ndio waliokuwa karibu naye zaidi. Wakasema wenyewe, bila kugombana, kwamba wako tayari kupinda njia kumfuata.

"Kabla hamjageuka," Bi Subiri akasema kwenye redio, "naombeni jambo moja. Wote nyamazeni. Vidole mbali na vitufe. Mimi nitamwita, halafu tusikilize."

Akamwita. Akafumba macho.

Mtu aliyekaa kwenye swichibodi muda mrefu anajua kwamba kimya kiko cha namna mbili. Kuna kimya cha laini tupu, na kuna kimya cha mtu aliyeshika simu na hawezi kusema. Alishakutana nacho mara nyingi, watu wanaolia, wazee waliopungukiwa na pumzi. Ndani ya mvumo wa redio alisikia kitu kidogo sana. *Ko.*

"Umesikia?" akamuuliza binti.

"Sijasikia kitu, mama."

"Mpenzi," Bi Subiri akasema, na sauti ilikuwa ileile ya miaka yote, tulivu, kama hakuna haraka yoyote duniani. "Kama ni wewe, gonga kitufe mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Unanisikia?"

*Ko.*

Safari hii hata binti alisikia. Akamshika mama yake mkono.

"Umeumia?"

*Ko, ko.*

"Boti nzima?"

*Ko.*

"Maji yameingia kwenye redio, sauti haitoki?"

*Ko*, kwa nguvu, kama mtu anayesema ndiyo, ndiyo, siku mbili nawaambia!

"Basi mshukuru Mungu, maana nilitaka kuja kukuchapa. Umeoka mkate leo?"

Kisha, taratibu, kwa aibu: *ko, ko.*

"Biskuti?"

*Ko.*

Bahari nzima ililipuka. Ndugu wawili walikuwa wanapiga kelele, mke wa daktari wa meno analia na kucheka, na mkwe alitoka nje akapiga honi ya boti kuwasalimia samaki, kwani hakukuwa na mwingine wa kumsikia. Kuanzia hapo Fundi Saa alishiriki kila siku kwa kugonga. Alipiga kura kuhusu ugomvi wa jamu. Alipoulizwa kama daktari wa meno anaimba vizuri aligonga mara mbili bila kusita.

Nchi waliisikia kabla ya kuiona. Bi Subiri akiwa kwenye zamu yake alinusa udongo uliolowa, harufu nzito, tamu, akadhani anaota. Kisha mstari wa kijani ukajichora mbele. Aliwaamsha wote kwa sufuria.

Siku mbili baadaye alisimama gatini amevaa gauni safi, anasubiri boti ndogo ya bluu iliyokuwa ikiingia. Kichwani mwake Fundi Saa alikuwa mrefu, mkavu, mwenye uso wa huzuni. Aliyeruka kutoka botini na kamba mkononi alikuwa mfupi, mnene, ndevu zimesimama kila upande kama ufagio wa zamani.

"Ni wewe?" akauliza Bi Subiri.

Yule mzee alifungua mdomo, na ikawa kama bomba lililopasuka. "Ni mimi, na kwanza nikwambie, wimbi lile liliingia dirishani saa nipo nakunywa chai, likaifuata redio kana kwamba limetumwa, mimi nakusikia unaniita, najibu, nakusikia unaniita tena, nikatamani kula kipaza sauti! Halafu ule mkate, nisikilize, ule mkate si kwamba sikutaka…"

Alisema akifunga kamba, akasema akivaa viatu, akasema wakitembea. Mara tatu Bi Subiri alivuta pumzi aingilie, mara tatu akakuta njia imezibwa.

"Mama kapata kiboko yake," binti akamnong'oneza mumewe.

Wazee wawili walikuwa wanapanda barabara ya bandari wameshikana mikono, wanayumba kushoto, wanayumba kulia, kwa sababu miguu iliyozoea mawimbi huwa haiamini ardhi iliyotulia. Muuza matunda aliyekuwa anapanga machungwa akawatazama mpaka wakamfikia.

"Shikamooni wazee wangu. Mmekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Chai tu, mwanangu!" Bi Subiri akamjibu, na wote wawili wakacheka mpaka ikabidi waegemee meza ya machungwa.

Jioni alirudi botini mashavu yanang'aa. Ilikuwa imepangwa arudi nyumbani kwa ndege wiki hiyo.

"Mkwe wangu," alisema akivua viatu, "ile safari ya ndege isogezeni mbele."

"Mpaka lini, mama?"

"Sijui. Chama cha mabaharia pale bandarini hakina mtu wa kuziita boti kwa redio asubuhi, wameniomba nijaribu kesho. Halafu kesho kutwa Fundi ananipeleka kutazama mji." Akafikiri kidogo. "Ninazo habari za maisha yangu yote za kumweleza, na bado hajanipa nafasi ya kuanza."